Mlangoni Hatupeleki Kilo

Mie nna ulimi, na hilo halihitaji shahidi. Mama yangu akinambia, "We mtoto, Mungu kakupa meno ili ulimi ukae ndani," na meno yenyewe hayakusaidia kitu. Kwa hivo ajabu ya maisha yangu ni kuwa riziki yangu imetoka katika kazi ya kunyamaza. Mie ni mkunga. Nimezalisha Unguja hii, mjini na shamba, zaidi ya miaka ishirini na tano, na aliyenifunza kazi ni mwanamke mmoja wa Makunduchi ambaye siku moja sisi wenzake tulimuitia kikao tumuhukumu kwa sababu ya ndara zilizoonekana mlangoni kwake.

Ya ndara nitayasema. Kwanza mumjue mtu.

Wodini tukimwita Bi Mkubwa, na wakati ule wala hakuwa mkubwa, hakuwa na mvi hata moja. Ni mfupi, na mikono yake ni midogo mpaka glavu za saizi ya chini kabisa zinampwaya. Akiingia zamu anavua saa, anaosha mikono mpaka kwenye viwiko, anaikausha, kisha anaanza kuisugua kiganja kwa kiganja. Siku za mwanzo nlidhani anaomba dua. Kumbe anaipasha moto. "Mwanamke mwenye uchungu usimguse kwa mkono wa baridi," akisema. "Atajikaza, na akijikaza yeye na mtoto naye atakuwekea inda."

Siku hizo wakunga wakali walikuwepo, nisiwafiche. Mwanamke akipiga kelele anaambiwa, "Mbona siku ile hukupiga kelele?" Wanawake mliozaa neno hilo mnalijua. Linachoma kuliko uchungu wenyewe. Bi Mkubwa akilisikia tu, anamshika msemaji mkono, anamtoa mpaka ukumbini, bila ya kupandisha sauti. "Ya siku ile hayakuwa zamu yetu," anamwambia. "Zamu yetu ni leo." Kisha anarudi ndani, anamuinamia yule mama sikioni: "Lia mwanangu, lia. Lakini usisukume mpaka nikwambie."

Nimemuona akifanya mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka. Mama mmoja aliletwa kutoka shamba keshazaa njiani, damu inatoka haisimami, na daktari yumo kwenye upasuaji mwengine. Bi Mkubwa alitia ngumi yake akaukandamiza mji wa uzazi wa mama yule, mkono wa pili juu ya tumbo, akakaa hivo hivo, jasho linamtiririka, anahesabu pumzi za mgonjwa kwa sauti ili na sisi wengine tusiingiwe na khofu. Daktari alipofika ilibidi tumsaidie kuufungua mkono, ulikuwa umekufa ganzi. Siku mbili alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, naye ni mtu anayechukia kula kwa mkono wa kushoto. Mama yule yu hai. Nilimuona juzi sokoni anagombea bei ya boga, nikafurahi peke yangu mpaka muuzaji akanishangaa.

Basi mtu kama huyu ndiye aliyenikuta mie, msichana mwenye mdomo, siku niliyofanya kosa langu kubwa kuliko yote.

Alikuja bibi harusi mmoja kuzaa mtoto wake wa mwanzo. Nasema bibi harusi kwa sababu piko, yale maua meusi ya harusi, miguuni lilikuwa kama halijatoka. Mtoto alikuwa wa kike, mzuri, mnono, mashavu kama ya mtu aliyekula futari. Nikampima, nikajawa na furaha, maana ndiye niliyemzalisha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafungua mlango wa wodi. Pale nje wamekaa wenyewe, na termosi ya uji na furushi la kanga, na mbele yao mama mkwe. Nikapaza sauti: "Wa kike, mashaallah! Kilo tatu na mia sita!"

Hakuna kigelegele, hakuna nini. Mama mkwe akanyanyua mkono, akaanza kukunja vidole.

Wasio wa kwetu lazima niwaelezee hapa. Sisi miezi yetu baada ya Ramadhani ina nambari: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, na kuendelea. Na harusi zetu nyingi hupigwa Mfungo Mosi, watu wametoka kufunga, wana hamu. Kwa hivo ukiolewa Mfungo Mosi, mwezi wenyewe unakuhesabia. Harusi ile ilikuwa ya Mfungo Mosi, na siku ile tulikuwa Mfungo Nane. Mama mkwe hakuhitaji skuli. Ndani ya nyumba ilishasemwa kuwa mtoto anakuja kabla ya wakati, njiti wa miezi saba, maskini, tumuombee. Na mie huyo nimetoka na kilo tatu na mia sita.

Vidole vilifika vinne. Yule bibi harusi alikuwa ndani, mlango uko wazi, anasikia kila kitu. Niligeuka nikamuona uso. Loo! Sijapata kuona mtu kama yule, kama ndoa yake anaiangalia inavyoondoka.

Bi Mkubwa alinipita kama upepo, mtoto mikononi. Hakusema uongo, hilo mulijue. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mama mkwe, akamwambia, "Shikamoo, bi. Hebu nipe mikono." Na kabla bibi hajaitikia marahaba, mtoto alishawekwa juu ya ile mikono inayohesabu. Mikono yote miwili. Mtu aliyepakata mtoto vidole anavikunja vipi? Mtoto akapiga chafya. Bibi akamtazama. "Kafanana na baba yake," akasema mwisho, na sauti yake ilikuwa imeshalainika. Pale ndipo kigelegele kilipopigwa.

Kisha niliitwa chumba cha dawa. Nlitaraji kupigwa. Alinambia maneno machache tu. "Uzito ni wa mama na ni wa kadi. Kwenye kadi andika ukweli mpaka gramu ya mwisho, ukidanganya pale umemdhulumu mtoto. Mlangoni sema: wote wazima. Wa kike au wa kiume, basi. Mlangoni hatupeleki kilo."

Na mie, kwa aibu, nikaropoka: "Lakini, Bi Mkubwa, si kweli kuwa..."

"Nnajua kama si kweli. Na Mungu anajua, na yeye anajua, na mumewe anajua zaidi. Tumeshakuwa wengi."

Mungu ana mzaha wake. Haukupita muda mie mwenyewe nikaolewa, Mfungo Mosi, na mwezi wangu wa kuzaa ukafika mapema kuliko ilivyotakiwa. Sitojitia utakatifu. Mume wangu nlimpenda, tulikuwa tumeposana, tukateleza. Siku zilipokaribia nilitaka kwenda kuzalia Pemba, mbali, nisijulikane, lakini mtoto hakunisubiri. Bi Mkubwa akaisugua mikono yake, akanizalisha mtoto wa kiume. Nje alikaa mama mkwe wangu mimi. Nikamsikia Bi Mkubwa anafungua mlango: "Wote wazima. Wa kiume." Na mlango ukafungwa, tap.

Nlidhani kwenye kadi atanipunguzia. Aliponipa nikaisoma: kilo tatu na mia nne, mwandiko wake ule ule, umenyooka. Wala hakuniangalia kwa jicho la pembeni. Miaka yote iliyofuata tumegombana kwa mengi, nimemkosea, kanikaripia mbele ya wanafunzi, lakini lile hakulirudisha hata kwa mzaha, hata kwa tabasamu. Kama nlizaa ndotoni.

Sasa ya ndara.

Bi Mkubwa aliolewa mara moja, akaachika, hakuolewa tena. Amekodi nyumba ya vyumba viwili Ng'ambo, peke yake. Wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa kuwafunza wakunga wapya wodini kwa niaba ya jumuiya yetu ya wakunga, na ukimnyima hiyo ni kama umemnyima chakula. Asubuhi moja katika grupu letu la simu ikatupwa picha. Mlango wa nyumba yake, na mlangoni jozi mbili za ndara. Moja ndogo, ya kwake, tunaijua. Ya pili kubwa. Chini hapana maneno, ila kile kikatuni cha uso unaofikiri.

Basi, wenzangu! Siku ile nlijua wakunga wa Unguja wana vidole vyepesi. Ni za nani? Ana ndoa naye? Mbona hatukualikwa? Mmoja akatuma sauti ya dakika nne. Mwengine akasema ni mtu mwenye nyumba yake na familia yake, mwengine akasema jengine baya zaidi ambalo mie sitolirudia. Nikaandika, "Nyie hamna kazi?" nikapewa vikatuni vya kucheka. Mwisho ikasemwa jambo hili liwe ajenda: je, mtu mwenye mambo yake hayo anafaa kuendelea kuwafunza wasichana wa watu?

Ikaingia Ramadhani, kikao kikaakhirishwa, kikafanyika baada ya Sikukuu. Tulikodi chumba Amani, karibu na uwanja wa mpira, tukatandika mikeka. Watu kumi na saba, bila ya kumhesabu Bi Mkubwa. Viatu vyote viliachwa mlangoni, chungu nzima, jozi kwa jozi, na hakuna aliyevipiga picha. Mie nlikuwa katibu. Bi Mkubwa alikaa ukutani, mkoba wake mapajani, kajifunga mtandio wa rangi ya udongo, na nikaona kakonda. Nikasema moyoni, ni maneno ya watu haya.

Ajenda ya nne ilisomwa na mwenzetu mmoja, msimamizi wa wodi nyengine, mtu wa dini, mchapakazi. Simtukani. Aliyoyasema yalikuwa na uzito wake. "Mie simchukii," alisema. "Lakini wazazi wanatukabidhi watoto wao wa kike. Wakituuliza anayewafunza ni mtu wa namna gani, tuwajibu nini? Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Yupo hapa, aseme mwenyewe. Mficha uchi hazai."

Weee! Damu ikanipanda mpaka masikioni. Kalamu nikaiweka chini. "Methali hiyo ni yetu wakunga," nikasema, "na hata sisi wenyewe hatuijui? Uchi anaonyeshwa mkunga, jamani. Hauonyeshwi mkutano!"

"Katibu," mwenyekiti akanambia, "kazi yako kuandika." Watu wawili watatu wakacheka, nikaiokota kalamu.

Mwenyekiti akamgeukia Bi Mkubwa, akamuuliza kama ana la kusema. Hakusimama. "Nambieni kosa la kazi," alisema. "Mama gani nimemuacha kwenye kitanda? Kadi gani nimeiandika uongo? Mwanafunzi gani nimemfunza vibaya, au nimemkosea heshima? Hayo nitakujibuni mpaka Magharibi, na mkinikuta nayo nitoeni, hata leo. Nyumbani kwangu pana mlango."

Basi.

Na mie nikawaangalia wale watu mmoja mmoja, nikakumbuka ninachokijua. Wengi mle ndani walizalia mikononi mwake, wao au mabinti zao au wake za watoto wao. Mwanamke huyu alikuwa na kilo za chumba kizima kichwani mwake. Neno moja, mwezi mmoja wa Mfungo angeutaja, na kikao kingekwisha watu wanatafuta viatu vyao. Alikuwa ananyang'anywa kazi yake anayoipenda, na silaha anayo, na wote tunajua anayo. Alitazama mkoba wake. Ulimi wangu mie uliniwasha mpaka nikauuma. Sisemi kuwa dhambi si dhambi. Dhambi ina Mwenyewe wa kuihesabu, na hakutuma grupu la simu limsaidie.

"Tupige kura," akasema mwenzetu yule.

Nikasimama. Sikufikiri, mie huwa sifikiri, miguu ilinyanyuka yenyewe. Kama yeye hasemi, nitasema mie, yangu mwenyewe, wajue ni nani aliyesitiriwa na nani. "Kabla ya kura," nikasema, "nna langu. Mwanangu wa mwanzo alipozaliwa..."

"Katibu!"

"Naam," nikaitikia, kama ninavyomuitikia tangu usichana wangu.

Bi Mkubwa alikuwa ananiangalia, na ile ndiyo mara pekee siku ile niliyomuona kakasirika. "Kaa kitako," akasema. "Mlangoni hatupeleki kilo."

Nikakaa. Katika wale kumi na saba, kumi na zaidi alitufunza yeye, na kila mmoja neno lile aliambiwa katika chumba cha dawa, kwa kosa lake. Feni ikazunguka. Nje mtu alikuwa anapiga honi. Mwenyekiti akakohoa, akasema wanaotaka Bi Mkubwa aache kufunza wanyooshe mikono. Ulinyooka mkono mmoja, kisha wa pili. Mwenzetu yule aliyesoma ajenda alinyanyua wake mpaka karibu na sikio, akatengeneza mtandio, akaushusha.

"Haikupita," mwenyekiti akasema, na uso wake ulikuwa na nafuu. Nikamuuliza niandike nini. "Andika ilivyokuwa." Nikafikiri, nikaandika mstari mmoja: Ajenda ya nne, wote wazima. Kikao kilichofuata niliusoma kwa sauti kama ulivyo, na hapana aliyetaka marekebisho.

Ningeishia hapa, na ningekuwa nimejisifu vya kutosha. Lakini nilipotaka kuyaandika haya nilimuomba ruhusa mwanangu, yule wa kilo tatu na mia nne, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Nikamueleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitazama. "Na yeye umemuomba?"

Nikaenda. Nilimkuta Bi Mkubwa katika chumba cha dawa, anapanga mikasi baada ya kuchemshwa. Amebakisha miezi michache astaafu. Nikamwambia nataka kuandika, jina sitotia. Akafikiri, akasema andika. Nikapata nguvu, na ulimi wangu ukafanya kazi yake ya siku zote.

"Na zile ndara, Bi Mkubwa?"

Hakuudhika. "Zishakatika," akasema. Akaendelea kupanga mikasi. Kisha, bila ya kunitazama: "Mwenyewe alifariki. Mwanzo wa Ramadhani ile, kabla ya kikao chenu. Nlikwenda msibani. Nikakaa uani na majirani, nikaosha masahani yao mpaka yakaisha. Halafu nikarudi zamu."

Nlisimama pale nimeshika mlango. Siku ile Amani, alipokaa ukutani na mkoba wake, tulikuwa tunamuhukumu mtu mwenye maiti yake mpya, na sisi tuko kumi na saba, wote watu wa kuliwaza kwa kazi, na hapana aliyempa hata mkono. Miaka yote hii katusimamia sote mlangoni. Mlangoni kwake tulikwenda na simu.

"Pole, Bi Mkubwa," nikamwambia. Nlikuwa nalia.

"Nshapoa, mwanangu."

Mwanafunzi mmoja akachungulia, akasema kitanda cha tatu kinamtaka. Bi Mkubwa akavua saa, akaniwekea mkononi niishike. Akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha, akaanza kuisugua.